Gumzo la kikundi cha ukoo: makao ya sungura wa Neema

Mama Neema: Shikamooni wazee, na wengine habari za jioni. Baba Neema amekubali binti yake afuge sungura mmoja ndani ya nyumba, na ataletwa Jumamosi. Fundi seremala wa hapa Pasua yuko tayari kututengenezea kizimba cha futi tatu kwa mbili chenye sakafu ya waya, kama anavyowatengenezea wafugaji. Naomba ushauri wenu kabla sijampa fedha ya mbao.

Mjomba Elibariki: Marahaba, mwanangu. Mpe fedha aanze kazi. Huku Kibosho mabanda yetu yote yana sakafu ya waya. Kinyesi kinadondoka chini, tunakizoa kwa ajili ya migomba, na sungura anabaki mkavu.

Shangazi Aikande: Kaka, hilo banda linakufaa wewe kwa sababu sungura wako hukaa miezi michache kisha wakaingia sufuriani. Huyu wa Neema akitunzwa vizuri anaweza kuishi miaka 8 na kuzidi. Nyayo za sungura hazina vifuniko vya ngozi nene kama vya mbwa. Zina manyoya tu, na akisimama juu ya waya siku zote manyoya hunyonyoka na kisigino hufanya vidonda vigumu kupona. Hicho kipimo cha futi tatu nacho nakikataa. Shirika la Uingereza la Rabbit Welfare Association & Fund linapendekeza sungura wawili wapewe eneo la mita 3 kwa 2, lenye kimo cha mita 1, ili waweze kukimbia, kujinyoosha na kusimama kwa miguu ya nyuma bila masikio kugusa juu.

Baba Neema: Dada, eneo hilo ni karibu chumba kizima cha nyuma.

Shangazi Aikande: Basi mpeni pembe ya sebule, na muda wa kutoka nje ya pembe hiyo asubuhi na jioni, kwa kuwa hizo ndizo saa ambazo sungura huchangamka. Chumba cha nyuma sikitaki hata kidogo, maana nakumbuka hakina silingibodi. Sungura hatoi jasho. Joto lake hulipunguza zaidi kwa masikio, na joto la chumba likipita nyuzi 28 hivi za Selsiasi anaanza kuwa hatarini. Mnajua wenyewe jinsi mabati ya Moshi yanavyowaka Februari. Sebuleni mwekeni mbali na dirisha linalopigwa na jua la mchana, na siku za joto kali mgandishie maji katika chupa, mwifunge kwa kitambaa na kumlazia kando yake, naye ataisogelea mwenyewe. Jiko la mkaa lisiwashwe karibu naye, kwani mapafu yake hayavumilii moshi.

Neema: Shikamoo, shangazi. Sebule yetu ina vigae. Je, hatateleza?

Shangazi Aikande: Marahaba, mwanangu, umeuliza jambo la maana. Atateleza, na sungura anayeteleza huogopa kutembea. Mwambie mama akutafutie pale soko la Memorial zulia la mitumba lenye nyuzi fupi, na mlikague kila wiki, kwa sababu akianza kuzing'oa nyuzi na kuzimeza zinaweza kumziba utumbo.

Baba Neema: Na harufu? Mimi nitaletewa wageni sebuleni humo.

Shangazi Aikande: Harufu inatokana na mkojo uliolala. Sungura mwenyewe huchagua pembe ya kujisaidia, kwa hiyo mtazameni siku za kwanza, kisha wekeni besheni pana papo hapo, chini mtandike magazeti, na upande mmoja mrundike nyasi kavu, kwa sababu anapenda kutafuna huku akijisaidia. Maranda ya msonobari kutoka kwa fundi msiyatumie. Yale mafuta yanayonukia vizuri puani mwetu yanamdhuru. Besheni isafishwe kila siku, na ule utando mweupe unaoganda chini yake, ambao ni kalisi, yaani madini ya chokaa, ya mkojo, hautoki kwa sabuni. Mwagieni siki, mwiache kwa muda, kisha msugue.

Mama Neema: Nimwambie nini fundi sasa? Alishaanza kupiga hesabu.

Shangazi Aikande: Atengeneze uzio wa fremu za mbao zinazokunjika, zenye kimo cha sentimita 90 hivi, na kisanduku cha kujifichia chenye milango miwili, kwani sungura akiingia mahali penye mlango mmoja hujiona amenaswa. Mwambie asitumie mbao zilizotiwa dawa ya mchwa wala asipake rangi. Meno ya sungura huota zaidi ya sentimita 10 kwa mwaka, na kila ubao ulio mbele yake ataguguna. Kwa sababu hiyo hiyo, nyaya za televisheni na ile ekstensheni iliyolala sakafuni zipitishwe ndani ya mabomba ya plastiki au zipandishwe ukutani kabla ya Jumamosi. Hilo ndilo la kwanza, hata kabla ya uzio.

Mjomba Elibariki: Nakubali, ingawa nyumba hii sasa inajengewa sungura. Jambo moja la kulala ndani naliunga mkono kwa moyo wote: siafu walipovamia banda la jirani yangu usiku, sungura waliofungiwa hawakuwa na pa kukimbilia. Nitawaletea gunia la nyasi kavu. Niongeze na majani ya mparachichi? Yamejaa hapa.

Shangazi Aikande: Kaka, hapana! Majani ya mparachichi ni sumu kwake, na tunda lenyewe asipewe. Leta nyasi kavu tupu, kwa maana ndizo ziwe sehemu kubwa ya chakula chake, naye azipate usiku na mchana. Kabla ya kufunga gunia lifungue katikati unuse. Zikiwa na ukungu au vumbi jeusi, zibaki huko huko kwenye migomba.

Neema: Na akikaa peke yake hatakuwa mpweke?

Shangazi Aikande: Atakuwa mpweke, mwanangu, kwa kuwa sungura ni mnyama wa kundi. Akishazoea, tutamtafutia mwenzake, lakini wakiwa dume na jike, daktari wa mifugo amhasi dume kwanza. Mimba yao ni kama siku 31 tu.

Baba Neema: Huyo mwenzake tutamjadili mwakani. Nyaya nitazipandisha kesho jioni. Mjomba, ukilipakia gunia nipigie simu, nilipokee stendi.