Tupeane uzoefu: umewahi kupima kompresheni kabla ya kununua gari la dizeli?

Wadau, nimeona Hilux ya dizeli, injini ya Toyota aina ya 3L (ni jina lake, si lita), hapa Nakuru. Broka anaapa injini haijawahi kufunguliwa. Kabla sijatoa pesa nataka fundi apime kompresheni, yaani nguvu ya hewa inayobanwa ndani ya kila silinda. Waliopitia hapo, mlikuta nini?

Mkulima, Molo: Nenda alfajiri, uguse injini kabla haijawashwa. Moja niliyoangalia huku, boneti ilikuwa na joto saa moja asubuhi, na baridi ya Molo mnaijua! Mwenyewe ati gari lililala. Nikasema basi tungoje ipoe. Ilipopoa, stata ilizunguka weee, ikawaka ikitetemeka, moshi mweupe ukajaa uani. Labda ni hita plagi tu (zile za kupasha silinda joto wakati wa kuwasha) zilikufa, lakini mbona uipashe moto kwanza? Nikaenda zangu.

Fundi, Kisumu: Geji ya kupimia kompresheni ya injini za petroli msikubali. Nyingi zinaishia psi 300 (psi ni kipimo cha shinikizo), na dizeli nyingi zilizo nzima husoma 350 hadi 500. Injini iwe moto, betri iwe na nguvu, mafuta yakatwe, hita plagi zote zitolewe. Kisha linganisha silinda. Tatu zikisoma 420 na moja 310, hiyo moja ndiyo itakula pesa yako.

Wa Njoro: Yangu ilisoma chini kidogo ya kitabu, zote nne karibu sawa. Niogope?

Fundi, Kisumu: La. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, namba hushuka kwa silinda zote. Hapa Kisumu, mita 1,130 hivi, ungesoma juu zaidi.

Mama Matofali, Kakamega: Sisi geji hatukuwa nayo. Mjomba alifungua kifuniko cha oili injini ikinguruma, akakigeuza na kukilaza juu ya tundu. Kikaruka! Moshi ukafuata, mfululizo. Muuzaji: "Dizeli zote hufanya hivyo, mama." Kidogo, sawa, ila hiyo haikuwa kidogo. Tulilichukua hilo pikapu, lakini kwa bei iliyotolewa gharama ya oveholi. Lilipofunguliwa, ringi za pistoni, zinazozuia kompresheni isivujie chini, zilikuwa zimekwisha kabisa.

Mwenye swali: Asanteni. Broka alitaka saa nne, nimemwambia saa kumi na mbili na nusu, na asiliwashe.

Fundi, Kisumu: Vyema. Hita plagi zilizokaa miaka hukatikia ndani ya hedi (kifuniko cha juu cha silinda) wakati wa kuzitoa. Kubalianeni mapema nani atalipa.