Kidole cha Zuhura

Kikundi: UKOO WA CHUMBAGENI
Jumamosi, kuanzia saa 2 usiku

Mama Zuhura: Asalaam alaykum ndugu zangu. Naomba ushauri. Zuhura katimiza miezi 15 leo na hajapiga hatua hata moja. Anasimama dede, anazunguka kochi amelishikilia, nikimwachia anakaa chini. Usingizi siupati.

Dada Tatu: Waalaykum salaam wifi. Nasri wangu alitembea ana miezi 9. Labda mnambeba sana.

Mama Zuhura: Wifi jamani, nambeba saa ngapi na mimi nashinda dukani?

Swaumu: Namwandikia Bibi, miwani haioni. Anasema baba yake Zuhura mwenyewe alienda tata na miezi 16. Majirani walitaka achimbiwe shimo kwenye mchanga asimamishwe humo, Bibi akakataa.

Baba Zuhura: Mama, hili ndiyo nalisikia leo! Ahsante kwa kukataa.

Mjomba Kassim: Huku Muscat viko vile vigari vya magurudumu, mtoto anakaa katikati anajisukuma. Nikiweke kwenye mzigo wa wiki ijayo?

Shangazi Rehema: Shemeji, Mungu akulipe kwa moyo huo, ila usinunue. Hakifundishi kutembea. Mtoto anajisukuma kwa ncha za vidole, kujizuia asianguke hajifunzi, na kwa kasi ile anafika kwenye sufuria ya moto hujageuka. Kanada wamepiga marufuku kuviuza tangu 2004.

Mjomba Kassim: Basi nimeacha.

Shangazi Rehema: Mama Zuhura, Shirika la Afya Duniani liliwafuatilia watoto wa Ghana, India, Norway, Marekani na hapo hapo Oman kwa shemeji. Matokeo yalitoka 2006. Watoto wenye afya zao walianza kutembea peke yao kati ya miezi 8 na miezi 17 na nusu. Zuhura yumo ndani. Wako ambao hawakutambaa kwa magoti kamwe, walisota tu, kisha wakainuka.

Shangazi Rehema: Mwache pekupeku sakafuni, nyayo zisikie ardhi. Akifika miezi 18 bado, tumpeleke. Ila usingoje hiyo 18 ukiona mguu umekakamaa, anatumia mkono mmoja tu, au kitu alichokiweza kimepotea.

Mama Zuhura: Hapana, mikono yote anatumia. Juzi kamwaga unga wote.

Shangazi Rehema: Alhamdulillah. Sasa niambie, akitaka kitu anafanyaje?

Mama Zuhura: Ananyoosha kidole. Akiona paka anaonyesha, halafu ananigeukia usoni. Anasema mama, baba, na "maa" akitaka maji.

Shangazi Rehema: Umenipa raha! Sisi kliniki mama akiingia anaulizwa miguu na meno, kidole hakiulizwi. Na kidole hicho ni jambo kubwa. Akimwonyesha paka kisha akakutazama, anakwambia "na wewe mwone." Ameshajua kwamba mwenzake ana macho na moyo wake. Mazungumzo yanaanzia hapo, hata neno halijatoka. Kila akionyesha, mtajie: paka, ndege, kikombe. Hata kama mara mia kwa siku.

Baba Zuhura: Nami nilikuwa namwambia mama yake mtoto anaamrisha watu 😊 Nitamjibu kuanzia leo.

Dada Tatu: *Ujumbe huu umefutwa*

Swaumu: Bibi anauliza Tatu kaandika nini akafuta.

*Saa 3:10*

Dada Tatu: Shangazi, nimeandika nikaogopa. Nasri ana miaka 2 na miezi 2. Hajawahi kunyoosha kidole. Akitaka kitu anashika mkono wangu anaupeleka. Nikimwita jina hageuki, ila katuni ikianza chumba cha pili anakimbia. Maneno hana. Nimeambiwa wavulana huchelewa. Wifi nisamehe, nilivyosema kuhusu miezi 9. Ndilo jambo pekee ninalojivunia kwake.

Mama Zuhura: Wifi yangu, hakuna cha kusamehe.

Shangazi Rehema: Tatu mwanangu, umefanya vyema kusema. Sikupi jina la ugonjwa kwa simu, wala wewe usijipe. Hilo la wavulana huchelewa usilitegemee kwa mtoto wa umri huu ambaye haonyeshi wala haitiki. Kwanza masikio yapimwe vizuri, maana kukimbilia katuni hakuthibitishi kwamba anasikia maneno yetu. Kisha aonwe na daktari wa watoto. Akisaidiwa mapema, anafaidika zaidi.

Dada Tatu: Ni simu niliyompa?

Shangazi Rehema: Usijihukumu. Ipunguze tu, kwa umri wake isizidi saa moja kwa siku, na hiyo nafasi ukae naye chini mcheze.

Dada Tatu: Baba yake atasema namtafutia mtoto ugonjwa.

Baba Zuhura: Shemeji nitaongea naye mimi, kesho baada ya adhuhuri.

Swaumu: Bibi analia kidogo. Anasema Nasri aletwe alale kwake Jumapili.

Shangazi Rehema: Jumatatu niko zamu ya mchana, asubuhi nina nafasi. Beba kadi yake ya kliniki, na leo na kesho andika kila sauti anayotoa na kila anachokitazama. Nitakusubiri getini saa 1 na nusu.

Mama Zuhura: Duka nafunga siku hiyo. Tunakwenda wote wifi, mimi nitambeba Nasri kwenye daladala.