Ejenti anataka 180,000 nikafundishe Kiingereza Thailand, nitoe ama nisitoe?

binti_langoni (Lamu)

Asalaam aleikum wapendwa. Naomba ushauri kwa yeyote aliyetoka huku kwetu pwani akaenda nje kufundisha Kiingereza, maana hili jambo nimekaa nalo wiki mbili sili vizuri silali vizuri.

Nna miaka 27, digrii yangu ni ya ualimu, Kiingereza na Fasihi. Namba ya TSC, ile tume ya kuajiri walimu, ninayo zamani lakini kazi ya kudumu sijaiona, nilifanya intani junia sekondari kwa ile 20,000 ambayo ukishakatwa makato haifiki 20,000, sasa niko shule ya binafsi hapa Amu na mshahara kuna mwezi unakuja tarehe 5, kuna mwezi unakuja tarehe 20, na kuna mwezi mmoja haukuja kabisa hadi leo. Kufundisha nakupenda wallahi, sitaki kuacha ualimu, nataka tu niufanye mahali ambapo nitalipwa nijue nimelipwa.

Sasa kuna ejenti nimepewa namba yake na rafiki yangu wa Mombasa, tunaongea WhatsApp. Anasema Thailand wanataka walimu wa Kiingereza, mshahara shilingi 150,000 kwa mwezi, nyumba bure chakula bure, na digrii tu inatosha. Anataka 180,000, nusu kabla mwisho wa mwezi nusu viza ikitoka. Viza ni ya kitalii, anasema nikifika itabadilishwa. Shule iko mji unaitwa Mae Sot. Intavyuu nilifanyiwa kwa simu dakika kumi hivi, wakaniuliza naandika kwa kompyuta kwa kasi gani, nimeolewa ama la, na kama nna watoto.

Mama amesema atauza bangili zake mbili za dhahabu, zile alizopewa siku ya harusi yake. Jana kazitoa kabatini, kazifunga kwa pembe ya leso, kaziweka juu ya meza mbele yangu kisha kaingia jikoni bila kusema neno. Ami yangu yeye hataki hata kusikia, anasema mtoto wa kike haendi peke yake nchi asiyokuwa na mtu. Nijibuni bila kunificha tafadhali.

baharia_mokowe

Dada usitume hata shilingi moja. Umesema Mae Sot? Hebu fungua ramani sasa hivi uangalie huo mji umekaa wapi. Uko kando ya mto Moei na ng'ambo ya mto ni Myawaddy, hiyo ni Myanmar tena, si Thailand. Kuna mahali huo mto unavukwa kwa mashua vile sisi tunavyovuka Mokowe kuja Amu, tena wenyewe ni mwembamba kuliko maji yetu, dakika chache ushaingia nchi nyingine bila kugongewa muhuri na mtu. Na huko ng'ambo ndo kwenye yale makambi ya utapeli wa mtandaoni, watu wanafungiwa ndani, pasi za kusafiria wanapokonywa, wanashinda kwenye kompyuta wakichati na watu wa Ulaya na Marekani kuwatoa pesa, na asiyefikisha kiwango anapigwa. Wakenya wameingia huko na wengi wao waliahidiwa kazi Thailand kama wewe. Serikali ilitoa onyo tangu 2022. Februari 2025 Thailand ikakata umeme wa miji ile ya mpakani, maelfu ya watu wakatolewa kwenye makambi, na Wakenya wakiwemo.

Halafu jiulize, mwalimu anaulizwa kasi ya kuandika kwa kompyuta ya nini? Kwa nini hawakukuuliza hata swali moja la darasani? Mtoto wa dada yangu aliulizwa hayo hayo, kasi ya kuandika na kama ana mke. Yeye alikuwa ameahidiwa kazi ya kupokea simu za wateja. Amerudi alhamdulillahi, lakini hadi leo simu ikiita usiku anaruka anakaa kitako kitandani, na alikuwa kijana mchangamfu yule, ukiingia nyumbani kwao unasikia kicheko chake toka mlangoni. Nakuomba kama ndugu yako.

mwl_Barani (Malindi)

Waaleikum salaam mwalimu mwenzangu. Ndugu wa Mokowe amesema yaliyo muhimu zaidi, mimi naongeza kwa sababu nimefundisha Thailand miaka mitatu, mkoa wa Nakhon Sawan, na sitaki utoke hapa ukifikiri mlango wote umefungwa.

Mae Sot yenyewe kama mji haina kosa, iko na shule za kweli na walimu wa halali, na watoto wengi waliotoka Myanmar na wazazi wao wanasoma hapo. Lakini shule ya kweli ina jina. Ina mkuu wa shule unayeweza kuongea nae, na itataka kukuona ukifundisha, hata kama ni kwa video dakika ishirini, kabla haijakupa kazi. Muulize huyo ejenti jina la shule, usimuulize lingine. Na kampuni yake iangalie kama imesajiliwa na ile mamlaka ya ajira ya serikali, NEA, orodha iko kwenye tovuti yao, ni kazi ya dakika tano.

Njia ya halali iko hivi. Shule inakuajiri ukiwa bado uko nyumbani Kenya, inakutumia barua na makaratasi yake, wewe unaombea viza inaitwa Non-Immigrant B, ubalozi wao uko Nairobi. Ukifika shule inakuombea kibali cha kazi, na kwa kuwa huna leseni ya ualimu ya kwao inakuombea ruhusa ya muda ya miaka 2 kwa baraza la walimu, wao wanaliita Khurusapha. Kisha kila siku 90 unaripoti uhamiaji unakaa wapi. Viza ya kitalii haikuruhusu kufanya kazi, na siku ya msako anayeshikwa ni wewe, ejenti yuko zake Mombasa anakunywa chai. Mtu akikwambia "utabadilisha ukifika" mwache hapo hapo.

Digrii peke yake pia si kweli kwamba inatosha, kwa pasi yetu. Niliambiwa nifanye mtihani wa IELTS kuthibitisha najua Kiingereza, mimi niliyesoma kwa Kiingereza toka darasa la nne hadi chuo kikuu. Iliniuma, sikufichi. Nikafanya. Utataka pia cheti cha kufundisha lugha, kozi za TEFL za masaa 120 ziko nyingi mtandaoni, lakini ukipata uwezo mbeleni fanya CELTA ya Cambridge kwa sababu pale lazima ufundishe wanafunzi wa kweli masaa 6 huku mkufunzi amekaa nyuma anakuandika, na hiyo shule zinaiheshimu. Korea Kusini usipoteze muda, viza yao ya E-2 ya Kiingereza wanawapa wenye pasi za nchi 7: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Sisi hatumo.

Pesa nayo nikwambie kama ilivyo. Nilianza na baht 25,000, na baht moja huwa inazunguka karibu na shilingi 4, nyumba najilipia mwenyewe. Mwenzangu tuliyekaa meza moja, mzungu, digrii yake ya jiografia na hajawahi kushika chaki kabla, alilipwa 35,000. Nilikwenda kwa mkuu nikauliza, nikaambiwa wazazi wanapenda sura ile. Shule siitaji jina na si shule zote. Lakini ujue utakutana nalo, na ujue pia kwamba hiyo 150,000 na nyumba na chakula kwa mwalimu mgeni asiye na cheti cha lugha haipo.

Sasa mbona nilikaa miaka mitatu? Kwa sababu ya darasa. Kithai neno haliishii kwa sauti ya s, likifika mwisho wanalikata linakuwa t, kwa hivo mtoto anakwambia anakula "rait" akimaanisha rice, na anaishi kwenye "haut" akimaanisha house. Sisi Waswahili tuko upande wa pili kabisa, tunaongeza irabu, bank tukaifanya benki, shirt tukaifanya shati. Mimi nikakaa nikafikiria, mwalimu aliyezaliwa ndani ya Kiingereza hajui mdomo unapata shida wapi, mimi najua kwa sababu wangu ulipita hapo hapo. Nikawaambia watoe pumzi kama tairi la baiskeli lililotobolewa, sssss, darasa zima watoto 45, hadi mwalimu wa darasa la jirani akaja kuchungulia. Kulikuwa na msichana mmoja wa nyuma hasemi kabisa, siku hiyo akaniita kwa mkono, akaniambia polepole "ri-ssss", akashika mdomo akacheka. Hiyo siku sijaisahau.

Chakula usiogope, halali ipo ukiuliza, Waislamu wako na wana wali wao wa kuku wanauita khao mok ambao ni ndugu kabisa wa biriani yetu. Muhula wao wa kwanza unaanza Mei na wa pili karibu na Novemba, kwa hivo shule zinatafuta walimu sana kuanzia Februari na tena Septemba. Jipange na hizo tarehe.

shangazi_kizingitini

Mwanangu mimi si mwalimu na nje sijafika zaidi ya Makka. Nataka kusema nawe juu ya bangili za mamako tu. Zile si pesa, zile ni siku yake. Mama akitoa dhahabu ya harusi bila kusema neno ameona vile unavyohangaika na mshahara hauji, na hana kingine cha kukupa. Zirudishe kabatini kwa mkono wako wewe mwenyewe, leo usingoje kesho, na umwambie umezirudisha.

Na amiyo usimuone adui. Amesema huna mtu huko, na wenye kujua wameshakuonyesha hapo juu kwamba kweli hukuwa na mtu. Siku ukipata barua ya shule yenye jina, mpelekee yeye kwanza aisome, muweke na simu aongee na huyo mkuu wa shule. Mwanamume wa kwetu ukimshirikisha toka mwanzo atakusindikiza hadi uwanja wa ndege na begi ameshika yeye.

kijana_muyeye

Dada mimi nina wazo la pembeni kidogo. Kwa nini kila mtu anafikiria kuuza Kiingereza tu? Huku Malindi tumekua tunaona vijana waliojifunza Kiitaliano ufuoni wakifanya kazi nacho vizuri, sababu lugha ni bidhaa ukiipeleka kwa asiyekuwa nayo. Sasa wewe ni mtu wa Amu, Kiswahili chako wazungu wanapanda ndege kukifuata hapo hapo Langoni! Kuna mpango wa FLTA, uko chini ya Fulbright wa Marekani, unapelekwa chuo kikuu kule unafundisha Kiswahili kwa mwaka mmoja wa masomo, miezi 9 hivi, na wewe mwenyewe unasoma kozi pale pale. Unalenga hasa walimu wa Kiingereza kama wewe. Mimi nilipoomba sharti lilikuwa umri miaka 21 hadi 29, kwa hivo una nafasi lakini usilale. Maombi yanapitia ubalozi wa Marekani Nairobi, na hakuna wa kumlipa kuomba, ukiona mtu anataka pesa ya FLTA huyo ni mwizi. Mwaka wangu sikupita, nilifika intavyuu. Insha yangu niliandika haraka haraka usiku wa mwisho, na najua ni hapo nilipoanguka. Wewe anza mapema.

binti_langoni (Lamu)

Nimesoma yote, nikarudia, nikamsomea na mama. Mungu awalipe kheri.

Nilimuuliza ejenti jina la shule. Kwanza akasema nitaambiwa nikifika. Nikamuuliza mara ya pili, akaniambia kwa sababu ananionea huruma ananipunguzia, nilete 90,000 zote kwa pamoja hadi Ijumaa. Mara ya tatu nikamwambia sitaki kupunguziwa nataka jina. Akanibloki. Rafiki yangu wa Mombasa kumbe yeye alishatoa elfu 40, nimempigia nikamsomea maneno ya baharia, akalia. Tumekubaliana Jumatatu anakwenda DCI, kwa wapelelezi wa polisi, na meseji zote na risiti za M-Pesa.

Bangili nimezirudisha. Mama akazipokea, akazivaa, akaendelea kupepeta mchele.

Nimeamua hivi, naanza kozi ya TEFL ya masaa 120 jioni nikitoka shule, insha ya FLTA naanza kuandika wiki hii, na shule za Thailand nitatuma maombi mwenyewe Septemba bila ejenti. Sasa mwalimu wa Barani nna swali dogo, nimelipia cheti cha tabia njema kwa eCitizen ile 1,050, nilipokwenda kuchukuliwa alama za vidole yule afisa akanigeuza mikono akaniambia rudi baadaye. Juzi ilikuwa harusi ya binti wa ami, nimepakwa piko hadi ncha za vidole, na wino ukawa hauonyeshi mistari. Itachukua muda gani na je nikiisugua kwa ndimu itaharibu ngozi?

mwl_Barani (Malindi)

Usisugue kitu, utachubua ngozi na alama ndo zitazidi kupotea. Ngoja wiki mbili tatu iondoke yenyewe, cheti hakikimbii. Huo muda uutumie kurekodi somo moja, dakika ishirini, na watoto wako wa hapo shuleni, simu iweke juu ya dirisha isimame, uombe ruhusa ya mkuu na wazazi kwanza. Chagua kitu kidogo, sauti moja au kitenzi kimoja. Nitumie nikutazame kabla hujapeleka kwa shule yoyote.

binti_langoni (Lamu)

Nitafanya th, ile ya "think" na ya "this". Sisi tunazo zote mbili, thamani na dhahabu, lakini kuna watoto wangu wa darasa la sita wanasema "sink" na "zis" kwa sababu nyumbani kwao wanasema samani na zahabu. Nataka nianzie hapo kwa Kiswahili, wapate ulimi kwenye meno, kisha ndo niende Kiingereza. Alhamisi wana kipindi cha mwisho na mimi, nitarekodi siku hiyo inshallah.