Naomba ushauri: glaida ya balsa inayumba nikiirusha kwa kuzunguka

Wakuu, habari za jioni. Nimeunda glaida (ndege isiyo na injini) ndogo ya rimoti: mita 1 ncha hadi ncha ya bawa, gramu 172 pamoja na betri. Mabawa ni balsa (mbao nyepesi sana) niliyoipiga msasa mwenyewe, mkia umeshikwa na bomba la kaboni la milimita 6.

Nikiirusha kama mkuki inateleza vizuri, wala haihitaji kubembelezwa. Shida ni nikishika kile kijiti cha ncha ya bawa la kushoto (natumia mkono wa kulia) na kuzunguka nayo kama mrusha kisahani. Ikitoka tu mkononi mkia unapepesuka mara mbili tatu, pua inavuta kushoto, halafu inalala ubavu kabla ya kufika mita 10. Jana imechimba nyasi, ncha ya bawa ikapasuka, na supaglu niliyomalizia ilikuwa ya viatu vya mke wangu. Bado hajajua.

Nimesogeza betri mbele hadi mizani (pale glaida inapotulia sawa ukiibeba kwa vidole) ikakaa theluthi moja ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele. Bawa la kulia lilikuwa limejipinda, nikalinyoosha kwa mvuke wa birika. Nikirusha taratibu hatari inapungua, ila haipandi. Kitu kimoja kinanitia shaka: nikishika mabawa na kusokota mkia kwa vidole, bomba linakubali kujisokota kidogo.

Je, nianze kwa kuongeza ukubwa wa mkia wima, au nibadilishe bomba kwanza? Na kijiti kikae usawa wa mizani au nyuma yake kidogo?