Mjadala: Mhasibu aache kazi asome muda wote, au asome huku anapiga kazi?

Mleta mada

Wakuu habari zenu. Hili swali naulizwa sana na vijana walioko kwenye uhasibu, mtu ana kazi tayari, kashaanza mitihani ya kitaaluma au ndo anajipanga kuanza, anataka kujua aache kazi asome muda wote amalize haraka au abaki kazini awe anasoma jioni na wikiendi. Majibu anayopewa mengi ni ushabiki tu, aliyesoma akiwa kazini anasema kazini ndo penyewe, aliyekaa darasani muda wote naye anavutia kwake, kijana anaondoka kachanganyikiwa kuliko alivyokuja.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema: kwa fani hii yetu usiache kazi. Ila, na hii ila ni nzito, usikubali kusoma ukiwa kazini kama muda wako wa kusoma haujaandikwa popote na bosi anauchukulia kama hisani.

Kwanini usiache. Uhasibu haujawahi kuwa taaluma ya darasani peke yake. Wahasibu wa Edinburgh, kule Uskoti, walipata hati ya kifalme ya chama chao mwaka 1854, na kwa miaka mingi baada ya hapo njia ya kuingia kwenye fani ilikuwa kukaa ofisini chini ya mhasibu mwenyewe kwa mkataba wa miaka kadhaa, unajifunza kazi huku unasomea mitihani. Hadi leo hiyo roho ipo. ICAEW, chama cha wahasibu wa Uingereza na Wales, inataka siku 450 za kazi, ACCA, chama cha wahasibu chenye wanachama dunia nzima, inataka mitihani 13 na juu yake miezi 36 ya uzoefu unaosainiwa na msimamizi wako. So ukiacha kazi ukapiga pepa zote 13 ukafaulu, bado hujawa mwanachama kamili, ile miezi 36 inakusubiri pale pale na sasa hivi unatafuta kazi ukiwa na matokeo mazuri na wasifu wenye pengo. Mwenzako aliyebaki kazini miezi yake ilikuwa inahesabika huku anasoma.

Halafu kuna vitu ambavyo kitabu hakikupi. Chukua kitu kidogo kabisa, usuluhisho wa benki. Kitabu kinasema linganisha daftari la fedha na taarifa ya benki, hundi ambazo hazijafika benki weka pembeni, makato ya benki ingiza, basi umemaliza. Sasa wewe uko ofisini saa kumi na mbili jioni, vyote hivyo umeshafanya na bado kuna tofauti ya 2,700 haitaki kuondoka. Mzee mmoja wa idara anapita nyuma yako anakwambia gawa kwa 9. Unagawa, inakuja 300 kamili bila baki. Hapo anakueleza kuwa kuna mahali tarakimu mbili zimepinduliwa, ile 3 inamaanisha tarakimu zenyewe zinapishana kwa tatu na zile sifuri mbili zinakwambia ni kwenye mamia na maelfu, usihangaike na kwingine. Unarudi kwenye daftari unakuta 8,520 imeingizwa 5,820. Dakika tano tu. Hiyo hesabu hutaisahau maisha yako yote, na siku ya mtihani wa ukaguzi wakikuuliza kwanini usuluhisho ufanywe na mtu asiyeshika fedha, hukariri jibu, unalijua.

Karibuni tujadili, ila tuje na hoja.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu nakuheshimu sana ila hapa unawapoteza watoto wa watu. Umeelezea ofisi nzuri yenye mzee wa kukufundisha kugawa kwa 9. Wangapi wana huyo mzee? Mimi nimeona watu wanakaa miaka mitatu mezani wanaingiza invoisi za wasambazaji asubuhi hadi jioni, bandika bandua, hajawahi kugusa usuluhisho wa benki, hajawahi kuona hesabu za mwaka zinavyofungwa, kodi haijui. Huyo unamwambia abaki kazini kwa ajili ya uzoefu, uzoefu upi? Wa kuchapa?

La pili ni kalenda. Kila mwanzo wa mwezi mhasibu anafunga mwezi uliopita, malimbikizo, uchakavu, malipo ya kabla, wasambazaji wanataka kulinganisha hesabu, mkuu wa idara anataka ripoti juzi. Hizo siku hakuna kitabu kinachofunguliwa, tusidanganyane. Sasa kampuni nyingi mwaka wao unaisha 31 Desemba, wakaguzi wanaingia Januari hadi Machi, na misimu ya mitihani ya ACCA ni Machi, Juni, Septemba na Desemba. Kwa hiyo misimu miwili kati ya minne inamkuta mtu yuko kwenye moto. Anaingia chumba cha mtihani jana yake katoka ofisini saa nne usiku, anapata 44 wakati ya kufaulia ni 50, analipa tena ada, anarudia, anapata 47, anarudia. Hapo kila mtu anamuona mzembe kumbe ni usingizi.

La tatu ni saa inayohesabu. Pepa za hatua ya mwisho za ACCA una miaka 7 tangu ufaulu ya kwanza ya hatua hiyo, ukizidisha ulizofaulu mwanzo zinaanza kufutika. CPA ya Marekani, yaani mitihani ya kuwa mhasibu aliyethibitishwa kule, ndo balaa zaidi, sehemu nne, kila moja unatakiwa upate 75, na muda wa kumaliza zote kwa miaka mingi ulikuwa miezi 18, ni juzi juzi tu majimbo mengi yamesogeza hadi 30. Sheria za namna hiyo zinambana nani kama sio huyu anayesoma usiku?

Anayesoma muda wote anaweza kupiga hadi pepa 4 msimu mmoja, kichwa kimelala, anamaliza akiwa bado mdogo, uzoefu atautafuta akiwa na nguvu ya matokeo mkononi. Huo ndo mtazamo wangu.

Mleta mada

Hoja ya invoisi naikubali mkuu na naiona kila siku. Ila dawa yake sio kuacha kazi, dawa ni kudai kuhamishwa meza. Malengo ya uzoefu ya ACCA yameandikwa wazi, unaenda kwa msimamizi na karatasi mkononi unamuonyesha hiki nimefanya, hiki sijagusa, naomba miezi mitatu kwenye mishahara, miezi mitatu kwenye mali za kudumu. Ukimwambia tu nimechoka na invoisi hakusikii, ukimwambia hili lengo linahitaji sahihi yako na sina cha kukupa usaini, anaelewa. Akikataa kabisa, hama ofisi.

Kwenye kalenda uko sahihi asilimia zote na ndo maana nasema watu wapange. Kama mwaka wenu unaisha Desemba, fanya Juni na Septemba, Machi na Desemba achana nazo kabisa, hakuna aliyekulazimisha. Moja moja au mbili mbili kulingana na pepa yenyewe. Polepole ndiyo, lakini ada inatoka kwenye mshahara wako na huna deni.

Ila hapo kwenye pepa 4 kwa msimu mmoja, sijashawishika. Mjerumani mmoja Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kumbukumbu na mwaka 1885 akatoa matokeo, na tafiti za baadaye zimemuunga mkono, kwamba unachokishindilia kwa mkupuo kinapotea haraka na unachokirudia kidogo kidogo kwa siku tofauti kinakaa. Saa moja ya asubuhi kabla ya kazi, kila siku, inashinda Jumapili nzima ya kujitesa. Anayesoma akiwa kazini analazimika kusoma hivyo, na kesho yake anakutana na kile kile alichosoma kiko kwenye faili. IFRS 16, kile kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa mikataba ya upangaji, ilipoanza kutumika 1 Januari 2019 mikataba mingi ya upangaji ikabidi iingie kwenye mizania. Wenzetu wa darasani walikuwa wanapewa swali lenye kila kitu, muda wa mkataba umepewa, riba umepewa. Waliokuwa ofisini waliletewa mkataba wenyewe wenye kurasa za kutosha, una kipengele cha kurefusha, riba haijaandikwa popote, na ikabidi wao ndo waamue kampuni itarefusha au haitarefusha. Huko kuamua ndo uhasibu wenyewe.

Mchangiaji wa pili

Mnabishana kama vile wote tuna hiyo chaguo jamani. Mimi ni mama, mshahara wangu una watu nyuma yake. Kuacha kazi nisome muda wote ni neno zuri kwa mtu ambaye kuna mwingine anamlipia kodi ya nyumba. Naomba tusiwaseme waliobaki kazini kama wamechagua njia ngumu kwa ukaidi, na hata hao waliosoma muda wote tusiwaone wamedekezwa, wengi walikuwa hawana kazi kabisa wakaona kuliko kukaa bure bora wasome.

Na mleta mada hiyo saa moja ya asubuhi kwangu haipo, saa hizo naandaa watoto. Mimi nasoma chakula cha mchana, nafunga mlango wa stoo ya mafaili, dakika arobaini. Wenzangu ofisini wameshajua, hawanigongei. Nilipowaambia waziwazi kwamba nina mtihani ndo waliniheshimu, kabla ya hapo nilikuwa nasoma kwa kujificha na kila mtu ananiita.

Mchangiaji wa tatu

Nachangia kama mtu ninayeongoza idara ya fedha, kwa hiyo nina maslahi, nisemeni tu. Mleta mada kagusa penyewe aliposema muda uandikwe. Sisi waajiri tunapenda sana kusema tunawasapoti wanaosoma, halafu wiki ya mtihani tunamwambia kijana asogeze likizo kwa sababu ripoti haijaisha. Anasogeza, anafeli, mwaka unaofuata anaacha kazi na sisi tunaanza kumfundisha mtu mpya kutoka sifuri.

Kwenye barua ya makubaliano nataka mtu aweke siku ngapi za likizo ya masomo kwa kila pepa, na kwamba siku hizo hazikatwi kwenye likizo yake ya mwaka. Aweke wazi nani anashika kazi yake siku hizo, jina la meza sio jina la mtu, maana hapa ndo panapofelisha, bosi anakubali likizo bila kumpanga wa kushika halafu simu zinamfuata mtu hadi mlango wa chumba cha mtihani. Na nani analipa ada ya kurudia kama amefeli. Kuna ofisi zinalipia mara ya kwanza tu, sioni ubaya, ila ajue mapema.

Mchangiaji wa kwanza

Sasa hapo mkuu wa idara umeongea. Shida yangu ni kwamba hizo barua wanazo wachache. Kwa hiyo nasogea kidogo ila sirudi nyuma: pepa za mwanzo, zile tatu za maarifa na hata za hatua ya kati, piga ukiwa kazini, zinafanana na kazi ya kila siku. Ukifika zile nne za mwisho, omba likizo bila malipo, miezi mitatu, soma muda wote, maliza mbili kwa pamoja. Zile za mwisho swali lina kurasa nyingi, unatakiwa usome, uchague cha maana, uandike kama unamshauri mkurugenzi, hiyo haitoki kwenye kichwa kilichochoka hata uwe na uzoefu wa miaka kumi. Na ukisema mtu achague Juni na Septemba tu, pepa moja moja, piga hesabu mwenyewe atamaliza lini zote 13. Atazeeka mezani.

Mleta mada

Wenye diploma au digrii ya uhasibu wengi wanasamehewa pepa kadhaa za mwanzo, kwa hiyo sio wote wanaanza na 13. Ila asiye na msamaha, ndiyo, ni safari ndefu na sitaki kuificha.

Hiyo ya likizo bila malipo kwenye hatua ya mwisho naiunga mkono, mradi kazi yako inakusubiri na imeandikwa inakusubiri. Nachokataa ni kujiuzulu.

Nimuulize mkuu wa idara kitu kimoja kabla sijatoka. Kuna hizi ofisi zinakulipia ada halafu unasaini kwamba ukiondoka ndani ya miaka miwili unarudisha. Vijana wanasaini kwa furaha ya kulipiwa bila kusoma. Deni linatakiwa lipungue kila mwezi unaofanya kazi au linabaki lote hadi siku ya mwisho? Na kampuni ikikupunguza yenyewe je?

Mchangiaji wa tatu

Lipungue. Ukisaini miezi 24 basi kila mwezi unaokaa unaondoa sehemu moja ya 24, ukiondoka mwezi wa 18 unadaiwa robo, sio lote. Ukiona barua haisemi hivyo usisaini, omba irekebishwe, mimi nimeshaombwa na nikarekebisha, bosi hakuli. Na ukipunguzwa na kampuni hudaiwi kitu, anayedaiwa ni anayeondoka kwa hiari yake tu, ila hilo nalo liandikwe kwa maneno hayo hayo kwa sababu mimi nikihama hapa atakayekuja hatakuwa ameyasikia.