Mjadala: Jimbo linalouza bahati nasibu yake lina haki ya kuzifungia mlango za majimbo mengine?

Wakuu, naleta kesi za India, ambako majimbo yamekuwa yakiburuzana mahakamani tangu miaka ya themanini wakigombea kitu kimoja: nani anaruhusiwa kuuza tiketi ya bahati nasibu nje ya jimbo lake.

Ugomvi unaanzia kwenye katiba yao. Kamari na kubeti ni mambo ya majimbo, lakini bahati nasibu inayoendeshwa na serikali, hata ikiwa ya jimbo, iko chini ya Bunge la nchi nzima huko Delhi. Mwaka 1984 jimbo la Maharashtra walitaka kuzuia tiketi za majimbo mengine, Mahakama ya Juu ikawaambia hawana mamlaka hayo. Baadaye Bunge likatunga sheria ya 1998, ambayo kifungu chake cha 5 kinaliruhusu jimbo kupiga marufuku tiketi za wengine. Mwaka 1999 mahakama ileile ikakibariki kifungu hicho, ila kwa sharti: ukizuia za wenzako, na zako acha kuuza.

Wengi wanaisifu hukumu hiyo kwamba imekomesha unafiki. Mimi siikubali.

Chukua jimbo la Kerala. Serikali yake ilifungua idara ya bahati nasibu mwaka 1967, ya kwanza India nzima. Droo huchezeshwa saa tisa alasiri. Tiketi wanazitembeza mitaani wauzaji ambao wengi wao ni wazee na watu wenye ulemavu. Matokeo yakitoka, mteja mzoefu anakimbilia tarakimu nne za mwisho, maana zawadi ndogondogo ndiko ziliko, na analipwa na muuzaji palepale. Faida inabaki kwenye hazina ya Kerala. Bahati nasibu yao ya Karunya, kwa mfano, ilianzishwa mwaka 2011 ili kugharimia matibabu ya wagonjwa maskini.

Sasa Sikkim, jimbo dogo la milimani. Sensa ya 2011 ilihesabu huko watu kama laki sita, Kerala zaidi ya milioni 33. Kwa soko dogo namna hiyo, lazima Sikkim itafute wanunuzi nje. Lakini kibarua wa Kerala akimaliza ujira wake kwenye tiketi ya Sikkim, watoto wake wanalala njaa Kerala, na faida inajenga barabara milimani Himalaya. Hana kura Sikkim, na hawezi kumwajibisha waziri yeyote wa huko.

Nakubali, Kerala wakihubiri maadili wanachekesha. Ila hoja yangu si maadili. Anayebeba madhara ndiye apewe funguo za mlango, hata kama naye ana duka la aina hiyohiyo.

Tazama na usimamizi ulivyo. Kifungu cha 4 cha sheria ileile ya 1998 kinadai droo ifanyike ndani ya jimbo lenye bahati nasibu, na kila bahati nasibu isizidi droo moja kwa wiki. Ikivunjwa, nani anaizuia? Kifungu cha 6 kinaipa kazi hiyo serikali kuu ya Delhi. Jimbo ambako tiketi zinauzwa linaona kosa mchana kweupe, halafu linabaki kuandika barua!

Ndiyo maana vita vikahamia kwenye kodi. Mwanzoni kodi ya bidhaa na huduma ilikuwa asilimia 12 kwa tiketi zilizouzwa ndani ya jimbo lake na 28 kwa zile zilizovuka mpaka. Desemba 2019 Baraza la kodi hiyo likapiga kura kwa mara ya kwanza tangu liundwe, likaweka 28 kwa wote kuanzia Machi 2020, Kerala wakipinga. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba majimbo ya Karnataka na Kerala yalikuwa na haki ya kutoza kodi bahati nasibu za majimbo mengine zilizouzwa kwao. Kwa hiyo jimbo linaruhusiwa kumkamua mgeni kwa kodi, ila kumwambia asiingie haliruhusiwi mpaka lifunge duka lake. Mantiki iko wapi?

Wanaotetea upande wa pili husema majimbo madogo ya milimani hayana viwanda wala bandari, na hiki ni chanzo chao halali cha mapato. Hoja hiyo ina uzito. Lakini ruzuku ya Sikkim ni jukumu la Delhi. Kwa nini itoke mfukoni mwa kibarua wa Kochi, mji wa Kerala? Anayeitetea Sikkim anijibu hapo kwanza, ndipo tuendelee.