Kamera ya joto kutafuta baridi inapopenyea, inasaidia kweli?

Mama Neema: Wapendwa, niko Minneapolis huku Marekani, nyumba ya zamani, hita usiku kucha, bili ya gesi haishikiki na chumba cha watoto bado baridi. Hizi kamera za joto za kuchomeka kwenye simu zinasaidia kweli?

Fundi Kassim: Dada zinasaidia sana, ila piga picha siku ya baridi kali, ndani na nje zipishane kama digrii 10 za selsiasi, tena alfajiri kabla jua halijapasha ukuta. Pembe ya dari ikitoa doa jeusi au zambarau (yaani pamepoa), mara nyingi insulesheni, ile ya ndani ya ukuta na dari inayozuia joto lisitoke, imeshuka au haipo.

bintipwani: Na usiamini kioo wala bati linalong'aa, yanaakisi, ukipiga picha dirisha waweza kujiona mwenyewe!

Mama Neema: Na upepo wa mlangoni?

Fundi Kassim: Hewa yenyewe haionekani, unaona ilipopoza. Zima hita ya gesi kwanza (moshi usije ukarudi ndani, hili usilipuuze dada), funga madirisha, washa feni za kutoa hewa jikoni na bafuni zivute hewa ya nje iingie penye nyufa, utaona michirizi kama vidole kwenye soketi na chini ya mlango. Kabla ya kununua ulizia maktaba, kadhaa za Marekani na Kanada zinaazimisha.